Kila Ajabu Ina Kwao

Dumila ni njia panda. Barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma inapita katikati, ya Kilosa inachepuka kushoto, na mabasi yakisimama wauza nyanya na vitunguu hukimbilia madirishani. Mahali penye wasafiri wengi hivi hapakosi maongezi. Siasa na mpira vina nafasi yake, lakini kuna mazungumzo ya aina moja ambayo huwanyamazisha hata mashabiki wa Simba na Yanga: yale ya "wajua kwamba?" Mmoja anasoma kwenye simu kwamba pweza ana mioyo mitatu. Wa pili anajibu kwamba shingo ya twiga, pamoja na urefu wote ule, ina pingili saba tu kama ya binadamu. Wa tatu anasema mbuni akiogopa hufukia kichwa mchangani, jambo ambalo si kweli ila limerudiwa mno. Wa nne anawakumbusha vita ya Zanzibar ya tarehe 27 Agosti 1896, iliyoanza asubuhi na kwisha kabla saa moja haijatimia.

Nayapenda mazungumzo haya. Mtu aliyechoshwa na bei ya mahindi ana haki ya kustarehe kwa mioyo mitatu ya pweza. Kinachonisikitisha ni namna ajabu hizi zinavyotufikia. Zinakuja zimekatwa mizizi: hazina kijiji, hazina jina la aliyeona kwanza, hazielezi kazi iliyofanyika mpaka jambo likajulikana, wala ubishi uliobaki baada yake. Na kwa kuwa hazitaji kwao, tunachukulia kwamba kwao ni mbali, ng'ambo huko, kwa watu wenye maabara na fedha. Kumbe baadhi ya zile zinazosomwa London na Tokyo zimetoka mkoa huu wa Morogoro, na watu wa mkoa wenyewe ndio wa mwisho kuambiwa.

Chukua habari ya panya aliyevishwa nishani. Septemba 2020 shirika la Uingereza liitwalo PDSA lilimpa medali ya dhahabu panya mmoja, jina lake Magawa. Katika miaka 77 ya shirika hilo kuwatunuku wanyama mashujaa, panya hakuwahi kupata heshima hiyo. Magawa alikuwa Kambodia tangu mwaka 2016 akinusa mabomu yaliyotegwa ardhini wakati wa vita. Alipostaafu mwaka 2021 alikuwa amegundua mabomu 71 na silaha nyingine 38 zilizokuwa hazijalipuka. Alikufa Januari 2022, na magazeti ya dunia yakaandika tanzia yake. Mwaka 2025 mwenzake, Ronin, akaingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness kwa kugundua mabomu 109.

Habari nyingi zilimwita Magawa panya wa Kambodia. Kumbe alizaliwa Morogoro mjini, Novemba 2013, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA. Hapo ndipo alipolelewa na kufunzwa. Na hakuwa panya wa ajabu kwa kabila lake: alikuwa panya buku. Nani katika mkoa huu asiyemjua panya buku? Ni yule mkubwa, mwenye uzito wa zaidi ya kilo moja, mkia mrefu mweupe kwenye ncha, anayetoka usiku na kujaza chakula katika mifuko ya mashavu yake mpaka uso unabadilika umbo. Macho yake hayaoni vizuri. Akili yake yote iko puani.

Kazi yake inastahili kuelezwa kwa utulivu, maana hapo ndipo ajabu yenyewe ilipo. Panya anaanza kuzoeshwa watu akiwa na wiki chache tu. Anabebwa, anatembezwa, anasikilizishwa magari na sauti za binadamu hadi asiwe na hofu. Kisha anafundishwa jambo moja: kila akisikia mlio mfupi wa kidude fulani, kuna kipande cha ndizi au karanga. Mlio ukishaaminika, unaunganishwa na harufu ya baruti. Akinusa mahali pasipo na harufu hiyo hapati kitu; akinusa penyewe na kutulia, mlio unasikika na ndizi inakuja. Mafunzo yote huchukua karibu miezi tisa. Panya asiyefaulu mtihani wa mwisho hapelekwi kwenye mabomu.

Uwanjani anavalishwa mshipi mdogo uliofungwa kwenye kamba. Watu wawili husimama pande mbili za eneo wakiishika, naye anakwenda na kurudi kati yao, mstari kwa mstari. Akinusa baruti anakwaruza udongo. Ni mwepesi mno, hawezi kulipua bomu kwa uzito wake. Kazi hufanywa alfajiri kwa sababu yeye ni mnyama wa usiku, na jua likianza kupanda, masikio na mkia hupakwa mafuta ya kukinga ngozi. Eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi hulimaliza kwa nusu saa. Mtu mwenye kifaa cha kutafuta chuma anaweza kutumia hadi siku nne kwenye eneo hilohilo, kwa kuwa kifaa hulia kwa kila msumari na kila kizibo cha soda kilichofukiwa. Panya hana habari na chuma. Yeye anatafuta baruti.

Msumbiji ndiko walikoanza kazi kwa dhati, baada ya panya wa kwanza kufaulu majaribio huko mwaka 2004. Mwaka 2015 nchi hiyo ikatangazwa kuwa imeondokana na mabomu ya kutegwa ardhini, kazi ya mashirika mengi na watu wengi, panya wa Morogoro wakiwa miongoni mwao. Mashamba yaliyokuwa na alama nyekundu za fuvu leo yanalimwa.

Na wako ambao hawakwenda popote. Tangu mwaka 2007 panya buku wengine wamekuwa wakinusa makohozi hapa nchini kutafuta kifua kikuu. Sampuli huletwa kutoka hospitali na vituo vya afya, panya anapita juu ya vijitundu, akikaa juu ya kimoja kwa sekunde kadhaa sampuli hiyo inarudiwa kupimwa kwa hadubini. Sampuli 100 anazimaliza kwa dakika 20 hivi. Mtaalamu wa maabara peke yake angetumia siku. Wagonjwa waliokuwa wameambiwa hawana kitu wamegundulika kwa njia hii, wakaitwa na kuanzishiwa dawa. Tukikumbuka kwamba mgonjwa mmoja asiyetibiwa anaweza kuambukiza watu 10 hadi 15 kwa mwaka, tutaona kwamba familia nyingi za Morogoro na Dar es Salaam zina deni kwa mnyama ambaye hazijapata kumwona.

Sasa swali ambalo vijitabu vya maajabu haviulizi: kwa nini Morogoro? Mwenye wazo la kufunza panya kunusa mabomu alikuwa Mbelgiji, Bart Weetjens, aliyefuga panya tangu utotoni na aliyeanzisha shirika la APOPO huko Ubelgiji mwaka 1997. Mtaalamu wa panya wa Chuo Kikuu cha Antwerp, Ron Verhagen, ndiye aliyemshauri atumie panya buku, kwa kuwa huishi miaka mingi na amezoea mazingira ya Afrika. Mwaka 2000 kazi ikahamia SUA. Lakini haikuja mahali patupu. SUA na Antwerp walikuwa tayari wanashirikiana kuchunguza panya, kwa sababu ambayo kila mkulima wa Dumila anaijua kwa uchungu.

Namsema panya shamba, yule mdogo wa kijivu. Unapanda mahindi leo, kesho unakuta mashimo yamefukuliwa moja baada ya jingine kwa kufuata mstari, kana kwamba kuna aliyemwonyesha njia. Jike lake lina chuchu zinazoweza kufika 24, na uzao mmoja unaweza kuwa wa watoto zaidi ya kumi. Mwaka wa mlipuko, shamba hupandwa mara mbili, na ghala halilali salama. Kwa ajili ya hasara hii watafiti walianza, miaka ya 1980, kutega panya katika mashamba ya Morogoro, kuwatia alama na kuwaachia, kisha kurudi mwezi baada ya mwezi kuona nani bado yuko na nani amezaa. Kazi hiyo imeendelea kwa miongo, na ni miongoni mwa kumbukumbu ndefu zaidi za panya zilizowahi kukusanywa barani Afrika. Imetupatia jambo ambalo mkulima anaweza kulitumia: vuli ikiwa nzito, mvua za Novemba na Desemba zikinyesha kwa wingi, panya shamba huanza kuzaa mapema kuliko kawaida, na wale watoto wa mapema nao huzaa kabla ya mwaka kugeuka. Hapo ndipo mlipuko unapotokea. Anayeangalia mvua za vuli anaweza kujiandaa.

Kwa hiyo medali ile ya dhahabu ina historia ndefu kuliko picha ya panya aliyevishwa utepe. Nyuma yake kuna mbegu zilizofukuliwa, kuna wakulima waliokubali mitego iwekwe mashambani mwao, kuna vijana wa SUA waliokagua mitego hiyo asubuhi na mapema kwa miaka. Elimu iliyozaliwa kwa ajili ya panya mwizi ndiyo iliyompokea panya mwokozi. Hili mimi naliona kubwa kuliko idadi ya mabomu, na sijalisikia likisimuliwa njia panda hata mara moja.

Chuo chenyewe kimebeba jina linalohusiana na barabara yetu. Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu, alifariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984 maeneo ya Wami-Dakawa, akitokea Dodoma, akiwa ameshaipita Dumila. SUA ilianzishwa mwaka huohuo. Na Dakawa hiyohiyo, pamoja na Mazimbu pale Morogoro, ndiko wapigania uhuru wa Afrika Kusini wa chama cha ANC walikopewa ardhi wakajenga makazi, na Mazimbu wakajenga shule waliyoiita Solomon Mahlangu kwa heshima ya kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Mwaka 1992 majengo yalikabidhiwa kwa Tanzania. Abiria wa Dodoma hupita Dakawa wamelala.

Turudi kwa wanyama, maana mkoa huu umejaliwa. Safu za Uluguru, Nguru, Ukaguru na Udzungwa ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, ambayo misitu yake imekaa katika unyevu wa Bahari ya Hindi kwa muda mrefu sana, kila mlima ukiwa kisiwa chake. Ndiyo maana Uluguru ina ndege, kama chozi wa Loveridge, ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani. Ukisimama Dumila asubuhi isiyo na mawingu, milima unaiona. Ndani yake mna vyura ambao hawatagi mayai majini. Wanazaa. Watoto hutoka tumboni wakiwa vyura kamili, wadogo, bila kupitia hatua ya kiluwiluwi majini. Dunia ina aina zaidi ya 7,000 za vyura, na wanaozaa hivi hawafiki asilimia moja. Mmoja wao alielezwa na mtaalamu wa Berlin mwaka 1905. Mwaka 2025 watafiti, akiwemo Mtanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walionyesha kwamba waliodhaniwa kuwa aina moja kumbe ni kadhaa, wakatangaza aina tatu mpya za Tanzania.

Wa Kihansi ndiye maarufu zaidi, na habari yake ina uzito. Anaishi kusini mwa mkoa, mpakani na Iringa, mahali ambapo maporomoko ya mto yalikuwa yakirusha manyunyu mchana na usiku. Dunia yake nzima ilikuwa kama hekta mbili. Ukubwa wake haufiki sentimita tatu. Alionekana mwaka 1996, wakati mradi wa kuzalisha umeme wa megawati 180 ukiendelea. Mwaka 2000 maji mengi yakaelekezwa kwenye mitambo na manyunyu yakakatika. Chura karibu 500 walipelekwa Marekani kulelewa katika bustani za wanyama, hasa Bronx na Toledo. Korongoni waliwekewa mabomba ya kunyunyizia maji, lakini mwaka 2003 waliporomoka, ugonjwa wa kuvu nao ukiwapo, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba hawapo tena porini. Mwaka 2010 wa kwanza walirudishwa Dar es Salaam kwa ndege, na mwaka 2012 wakaanza kuachiwa Kihansi. Ukisoma tu kwamba kuna chura mdogo anayezaa, utatabasamu. Ukijua kwamba taa inayowaka sebuleni kwako ina sehemu yake katika kisa hicho, utakaa kimya kidogo. Mimi sidai umeme usingezalishwa, hospitali zinauhitaji. Nadai tu kwamba ajabu isimuliwe pamoja na gharama yake.

Misitu ya milima hii ina pia mnyama mwenye pua ndefu inayopinda kama mkonga mdogo, ambaye wataalamu humwita sengi. Kwa sura ungemweka ukoo mmoja na panya. Vinasaba vinasema ndugu zake ni tembo, pimbi, muhanga na nguva. Mwaka 2008 sengi mkubwa kuliko wote, mwenye uso wa kijivu, alitangazwa kutoka Udzungwa.

Alitangazwa kwa sayansi, nisisitize, maana hapa kuna jambo linalonisumbua katika visa hivi vyote. Mwaka 1979 wanasayansi wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walikuwa msituni Udzungwa wakasikia mlio wa kima wasioufahamu. Mwenyeji aliyewaongoza hakushangaa. Aliwatajia jina lake, ngolaga, na kumbe kijijini Sanje palikuwa na mtoto wa kima huyo akifugwa. Vitabuni akaitwa kima wa Sanje. Jina la mwongozaji mara nyingi halisimuliwi. Mwaka 1991 watafiti wa Denmark wakiwa kambini katika misitu hiyohiyo ya Udzungwa waliona ndani ya sufuria miguu ya ndege isiyofanana na ya kanga wala kwale yeyote waliyemjua. Ikabainika ni jamii ya kwale isiyojulikana, ambayo ndugu zake wa karibu wako Asia. Kisa hicho hupendwa sana na kila anayekusanya maajabu, na ni kweli kinapendeza. Lakini aliyemtega ndege yule lazima alijua anakopita na saa anazotoka. Ujuzi huo ulikwenda wapi? Hausimuliwi. Tumebaki na miguu na sufuria.

Silaumu sayansi. Kulijua jambo msituni na kulithibitisha kwa vipimo, ili mtu wa Asia naye aweze kulipima, ni kazi mbili, na zote ni za lazima. Ila anayefanya ya kwanza anastahili kutajwa kama anavyotajwa wa pili.

Tunaye mfano wa pale ilipofanyika hivyo. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, alitia mchanganyiko wa aiskrimu kwenye friza ukiwa bado moto, akaona umeganda kabla ya wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Aliuliza, akachekwa. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza tena mgeni aliyekuja shuleni, Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mbele ya wenzake waliomzomea. Osborne alikwenda kulijaribu jambo lenyewe. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, jina la Mpemba likiwemo, na mpaka leo tukio hilo linaitwa kwa jina lake. Simu zetu huandika kwamba maji ya moto huganda haraka kuliko ya baridi, basi. Hazisemi kwamba wanafizikia bado wanabishana. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima upya wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha. Ubishi huo haumpunguzii Mpemba kitu. Kijana wa Tanganyika aliuliza swali ambalo zaidi ya nusu karne baadaye bado linawafanya wataalamu wakeshe.

Ombi langu ni kwa walimu wa Dumila, Magole na Rudewa, na kwa wazazi. Morogoro mjini si mbali. APOPO hupokea wageni wanaotaka kuwaona panya wakifunzwa. Darasa likitoka asubuhi litarudi nyumbani jua halijazama. Watoto wamwone panya buku akinusa, wamuulize mkufunzi alianzaje, wapite Mazimbu wakasome majina kwenye majengo. Wakirudi, wapeni kazi ya nyumbani. Wawaulize bibi na babu zao majina ya ndege, vyura na panya wa hapa kwa Kikaguru, Kinguu, Kisagara na Kiluguru, wanaonekana wapi na msimu gani, wayaandike kwenye daftari pamoja na tarehe na jina la mzee aliyesema. Daftari hizo zitunzwe shuleni. Mtafiti akija, apewe nakala, na shule imtake ahadi ya maandishi kwamba akichapisha, jina la mzee huyo litakuwemo.